Vumbi la rangi ya manjano mgongoni mwa Chausiku

Nauza maua ya vyungu kando ya barabara hapa Arusha, na lili iliyomuua paka wa shangazi yangu ilitoka kwenye meza yangu mwenyewe. Nimeamua kukieleza kisa hiki chote, saa kwa saa, kwa sababu tangu kitokee nimewauliza wenzangu tunaouza pamoja, nikakuta wengi wetu tunaijua lili kwa harufu yake na bei yake basi. Mnunuzi naye anaijua kwa harufu. Nyumbani anakoipeleka yupo paka, na siku ya kuuziana hakuna anayemtaja.

Shangazi alifundisha shule ya msingi Tanga mpaka alipostaafu, ndipo akahamia Njiro, hapa Arusha, kwa binti yake. Hakulalamikia baridi kama tulivyotegemea. Alilalamikia jioni za huku kwamba hazinukii kitu. Kule Tanga alikuwa na asumini uani. Jua likizama harufu inaingia ndani, inamfuata mpaka chumbani. Nikamwambia, shangazi, nitakuletea kitunguu cha maua kitakachonukia nyumba nzima, na kwa baridi hii ya Julai kitakaa na maua wiki mbili. Nilimpelekea kama zawadi ya kustaafu: chungu kikubwa chenye vitunguu vitatu vya lili nyeupe, zile kubwa zenye asili ya Japani ambazo vitunguu vyake hutujia kutoka Uholanzi. Zilikuwa na matumba tisa, yote bado yamefumba.

Paka walikuwa wawili. Mzee, dume la kijivu la miaka 11, alitoka Tanga naye ndani ya kikapu, kwenye basi. Chausiku, jike jeusi tii lisilozidi mwaka, aliokotwa mtaroni hapo hapo Njiro. Walilala kiti kimoja, na kila asubuhi Mzee alimshika Chausiku kwa mkono mmoja akamlamba kichwa na shingo kama anayemwogesha mtoto. Nataja hili sasa kwa sababu ndilo lililoamua mambo.

Siku nilipoweka chungu mezani, Chausiku alikuwa anacheza na kamba za viatu vyangu. Nikamweleza shangazi mambo ya maji, ya mwanga, ya kugeuza chungu kila siku mbili ili mashina yasilalie upande mmoja. Nikamfundisha pia kung'oa vile vichwa sita vya chavua ua linapofunguka, kabla havijapasuka, kwa sababu unga wake unachafua vitambaa. Kwa hiyo habari ya chavua niliifikisha, ila niliifikisha kama habari ya vitambaa. Paka yuko miguuni kwangu, na sikusema neno.

Jumamosi

Maua matatu ya kwanza yalifunguka Jumatano na Alhamisi, na shangazi akayang'oa vichwa vyote kama nilivyomwonyesha. Ijumaa alikwenda kulala saa 5 usiku, tumba la nne likiwa limevimba lakini limefumba. Lili haingoji jua. Unalala limefumba, unaamka limekunjua petali zote, na muda si mrefu vile vichwa vinapasuka na kuanza kumwaga.

Saa 1 asubuhi alimkuta Chausiku kitini na mstari wa vumbi mgongoni, rangi ya manjano ya kupikia iliyoungua kidogo, kuanzia mabegani hadi karibu na mkia. Jana yake walikuwa wamepika mchuzi wa samaki na kopo la manjano lilibaki wazi jikoni. Akasema, huyu kaingia jikoni usiku. Akalowesha kitambaa, akamfuta.

Aliyewahi kuuza lili anajua kwamba kitambaa chenye maji hakifai hapo. Unga ule una mafuta. Ukiusugua kwa maji unauzamisha. Kwenye shati unautoa kwa kubandika selotepu na kuibandua, mara nyingi, bila kusugua. Kwa hiyo kitambaa cha shangazi kilichukua vumbi kidogo la juu na kulisukuma lililobaki chini kwenye ngozi, ambako jicho la mtu halifiki lakini ulimi wa paka unafika. Chausiku alipoachiliwa akaenda juani kujilamba, kama afanyavyo paka yeyote akiloweshwa. Mzee akaja kumsaidia. Shangazi analikumbuka hili vizuri mno, kwa sababu alimwita mjukuu wake aje atazame jinsi babu anavyomsafisha mtoto.

Saa 4 Chausiku akatapika povu lenye kipande cha jani la kijani, kadiri ya ukucha wa kidole gumba. Hapo nyumba nzima ilitulia badala ya kushtuka. Tunajua wote kwamba paka hula majani akatapika, akasafisha tumbo, maisha yakaendelea. Akawekewa maziwa, hakuyagusa. Mchana alilala, akaamka, akala dagaa wawili watatu. Alionekana mzima.

Nilipiga simu saa 11 jioni, salamu tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Maua yako yananukia mpaka kwa jirani. Ila leo huyu mtoto mweusi kajipaka manjano, tena ametapika."

Mwaka mmoja kabla ya hapo mteja mmoja alinirudishia lili, akasema amekumbuka ana paka. Nilimrudishia pesa yake nikadhani ni woga wa watu wanaodekeza wanyama. Neno lake likanirudia simu ikiwa sikioni. Nikamwomba shangazi akaangalie ua lililofunguka leo, kama vichwa vyake vipo. Nikasikia kandambili zake sakafuni zikienda na kurudi. "Vipo," akasema, "ila viwili havina unga." Kisha akanyamaza kidogo. "Na jani moja la chini limetafunwa."

Saa 1 usiku tulikuwa kwa daktari wa mifugo, Chausiku ndani ya kikapu kile kile cha Tanga, mimi na ua moja nimelifunga kwenye gazeti. Daktari alilitazama ua kabla ya kumtazama paka. Aliuliza lini alipoonekana na vumbi, lini tumba lilikuwa bado limefumba, ametapika mara ngapi, amekojoa saa ngapi. Hakujishughulisha kumtapisha, muda ulikuwa umekwisha pita. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu na shampuu laini mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai ya rangi, ya tatu yakatoka meupe. Akamnywesha mkaa wa dawa, akamwekea dripu mkono wa mbele, akasema atalala hapo siku tatu na mkojo wake utapimwa kila mara.

Alitueleza hesabu anayoifuata. Dripu ikianza ndani ya saa 18 tangu paka alipoimeza sumu, wengi wao huokoka. Ikichelewa zaidi, matumaini yanapungua haraka, na figo zikishaacha kutoa mkojo yanabaki madogo sana. Sisi hatukujua saa ya kuanzia kuhesabu. Kwa hesabu nzuri zilikuwa saa 12, tangu asubuhi. Kwa hesabu mbaya, kama jani lilitafunwa mara tu taa zilipozimwa, zilikuwa saa 20.

Kisha akauliza: "Mama, nyumbani kuna paka mwingine?"

Mzee

Tukasema yupo, lakini hana shida. Daktari akasema aletwe vilevile. Paka wanaoishi pamoja wanalambana, akasema, na lililo kwenye manyoya ya mmoja liko tumboni mwa wote wawili.

Nataka niyaeleze vizuri mawazo tuliyokuwa nayo wakati ule, kwa sababu hayakuwa ya kijinga na ndiyo yaliyomuua. Ilikuwa usiku. Kikapu kilikuwa kimoja. Mzee alikula chakula chake cha jioni akamaliza. Hakuwa na vumbi hata chembe, na hakuna aliyemwona akitapika. Dripu ya siku tatu kwa paka mmoja ilikuwa tayari imekula sehemu nzuri ya pensheni ya mwezi ule, na shangazi alikuwa ananitazama mimi, mjuzi wa maua. Nikasema: tumwangalie kwanza mpaka kesho. Maneno hayo ni yangu, si ya shangazi.

Jumapili tulimwangalia. Alikula. Alikunywa maji mengi, bakuli likajazwa mara tatu, na mchanga wake ulilowa kuliko kawaida. Tulifurahi. Tuliona paka anayekunywa na kukojoa, tukaona figo zinafanya kazi. Kumbe hiyo yenyewe ni hatua ya ugonjwa. Figo zikianza kuharibika hupoteza kwanza uwezo wa kubana maji. Mkojo unatoka mwingi na mwepesi, paka anakunywa ili kufidia, na mwili unazidi kukauka. Kutapika kwa saa chache za mwanzo, kisha kutulia kunakofanana na kupona, kisha mkojo mwingi, kisha mkojo kukatika: ndiyo njia inayopitiwa na sumu hii mara nyingi, na sehemu mbili za katikati zinamdanganya mwenye paka. Jioni ya Jumapili mjukuu alikuta nyuma ya kochi matapishi yaliyokauka. Ya lini, hatujui.

Jumatatu asubuhi Mzee alikuwa amejikunyata mbele ya bakuli la maji, pua juu ya maji, hanywi. Mchanga wake ulikuwa mkavu. Kipimo cha damu kilionyesha kreatinini, ile taka ambayo figo huitoa, imepanda mara kadhaa juu ya kikomo, na potasiamu nayo inapanda. Alipewa dripu, akapewa dawa ya kusukuma mkojo. Mkojo haukuja. Hapo hata dripu inageuka hatari, maana maji yanaingia na hayana pa kutokea. Daktari alikuwa anasikiliza mapafu kila baada ya saa. Ziko nchi ambazo hospitali chache za wanyama humsafisha paka damu kwa mashine mpaka figo zipumue. Sisi hatukuwa na pa kumpeleka. Jumatano saa 3 asubuhi shangazi alikubali apumzishwe, akiwa amemshika kichwa.

Chausiku alitoka siku hiyo hiyo jioni. Kreatinini yake ilipanda kidogo Jumapili, ikashuka Jumanne, na Jumatano ilikuwa mahali pake. Mwenye vumbi, mwenye matapishi, mwenye kila dalili, alipona kwa sababu ya dalili zake. Asiyekuwa na dalili alikosa siku moja na nusu ya dripu.

Nikirudia kisa hiki kichwani, mahali pengine pote naweza kujisamehe kwa kusema sikujua. Jumamosi usiku nilikuwa nimeshaambiwa.

Sumu yenyewe

Madaktari wa Marekani walianza kuandika juu ya figo za paka na lili ya Pasaka, ile nyeupe inayopambia sikukuu hiyo kwao, mapema miaka ya 1990, na mpaka leo kemikali yenyewe haijatambuliwa kwa jina. Kinachojulikana ni kwamba inayeyuka kwenye maji, na inaua seli zinazotandika mirija midogo ya figo. Iko kwenye petali, majani, shina, kitunguu, chavua, na hata maji ya vasi ambamo mashina yamekaa. Kwa paka, kipande cha jani au chavua iliyolambwa kwenye manyoya inatosha kuleta maafa. Mbwa akila lili hiyo hiyo tumbo litamvuruga, figo zake hazifi. Ndiyo maana jirani mwenye mbwa atakuapia kwamba mbwa wake alitafuna na hakupata kitu, na atakuwa anasema kweli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kung'oa vichwa vya chavua ulikuwa mzuri kwa kitambaa na mbaya kwa nyumba. Ulimfanya shangazi aamini kwamba ua limeshaondolewa ubaya wake. Na hata angeng'oa vyote vya tumba la nne, jani la chini lilikuwa pale pale. Siku hizi zipo pia lili za petali nyingi zisizo na chavua kabisa, na nimesikia wauzaji wakizisifu kwamba zinafaa kwenye nyumba ya paka. Hazifai. Jani lake ni jani la lili.

Maziwa hayafanyi lolote hapa. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba maziwa yanaua sumu, na shangazi aliyaweka kwa nia njema, lakini hayazuii chochote figoni. Yanampa mtu hisia kwamba ameshatibu, na saa zinapita. Maji ya chumvi ya kumtapisha paka ni mabaya zaidi, chumvi yenyewe ni sumu kwake kwa kiasi hicho. Na kwa kuwa niliwahi kumwona mtu akifanya hivyo: parasetamoli ya binadamu, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka.

Jina lililotuponza

Nimelifikiria sana jina. Mtu akija mezani kwangu akasema "lili", anaweza kuwa anataka mojawapo ya mimea sita au saba isiyohusiana, na kila mmoja una tabia yake kwa paka. Ukisikia kwamba paka wa fulani alitafuna lili akatokwa na udenda tu kisha akapona, huenda ni kweli, na huenda ukaua paka wako kwa kuamini.

Ile nyeupe yenye umbo la faneli moja iliyoviringwa, na kijiti cha njano katikati, inayoota yenyewe kwenye majimaji ya huku milimani na kupambwa makanisani, haina undugu na lili ya kweli. Majani yake yana vifuwele kama sindano vinavyochoma mdomo. Paka anatokwa na udenda, anakataa kula siku moja, basi. Lile ua la kivulini la maofisini, lenye majani mapana yanayong'aa na bendera moja nyeupe, liko kundi hilo hilo. Nyinyoro zetu za porini, pamoja na zile nyekundu kubwa za vyunguni zinazotoa shina tupu kabla ya majani, zina sumu ya kutapisha ambayo imejaa zaidi kwenye kitunguu. Hayasinti na narisi, ambazo wateja huniulizia kwa ajili ya harufu, nazo hatari yake kubwa iko kwenye kitunguu, kwa hiyo gunia la vitunguu lililoachwa stoo ndilo la kuogopwa. Ile ya porini inayotambaa, yenye petali nyekundu na njano zilizopinduka kama miali ya moto na ncha ya jani inayojisokota, ni mbaya kwa kila kiumbe, binadamu akiwemo, na haina harufu ya kumfanya mtu aipande ndani.

Zinazoua figo za paka ni mbili. Ya kwanza ni lili ya kweli, ambayo kisayansi huitwa Lilium, ya rangi yoyote, yenye harufu au isiyo nayo. Ya pili ni Hemerocallis, ile inayopandwa sana kwenye kingo za bustani za hoteli, ua lake likichanua siku moja tu na kunyauka.

Unazitambuaje? Lili ya kweli ina shina moja lililosimama, na majani yamelizunguka kuanzia chini hadi juu kama ngazi. Ua lina petali sita, na katikati vijiti sita ambavyo kila kimoja kinabeba kichwa kilicholala mlalo, kinachochezacheza ukikipuliza. Hemerocallis majani yake ni marefu kama ya nyasi na yote yanatoka chini kabisa, shina la ua likiwa tupu. Na ukikutana na kitunguu hata kabla hakijaota, kishike. Cha lili ya kweli hakina gamba la nje kama la kitunguu maji. Kimeundwa kwa vipande vinene vilivyopangana, vyeupe, ukikiminya kidogo vinaachana kama punje za kitunguu saumu. Cha nyinyoro kina gamba kavu na tabaka zilizovikana, kama cha jikoni.

Sasa hivi mteja akinitajia lili, jambo la kwanza ninalouliza ni kama ana paka, au kama paka wa jirani anaingia ndani. Swali hili la pili nimeliongeza baadaye. Paka wa Arusha hawana ukuta.

Kilichopandwa badala yake

Shangazi hakuacha kutaka harufu, na sikutaka kumwachia nyumba kimya. Mwezi wa nane nilimletea frisia. Ni ua la asili ya Afrika Kusini, halimo kwenye orodha za sumu za paka, na harufu yake ni kali kiasi kwamba mashina matano yanatosha sebule. Kitunguu chake ni kidogo kama karanga kubwa, kimevaa nyuzi nyuzi kama wavu. Nilipanda 15 kwenye chungu cha upana wa sentimita 25, kina cha sentimita 5, ncha juu, kwenye udongo wenye mchanga wa kutosha ili maji yasituame. Frisia inataka usiku wa baridi, na hapo ndipo Arusha inaishinda Tanga. Kwenye joto la pwani majani yataota mengi na maua yasije. Udhaifu wake ni shina, jembamba na lenye kulala. Niliizungushia vijiti vinne na kamba ya katani kabla haijafika urefu wa kiganja, maana ukisubiri ilale ndipo uifunge, ua linachanua likiwa limepinda.

Chausiku aliitafuna siku ya tatu baada ya majani kutoka. Shangazi alinipigia simu sauti ikitetemeka. Nilimwambia ukweli: paka akila jani lolote anaweza kutapika, hata nyasi, lakini hili halitamfikia figo. Alimpeleka kwa daktari vilevile, na sikumzuia. Tangu hapo tumempandia chungu chake mwenyewe cha ngano, mbegu za kawaida tu za sokoni. Zikifika urefu wa kidole anazitafuna na frisia anaipita.

Nje, ukutani, sasa kuna mche wa asumini tulioletewa kutoka Tanga. Si kitunguu, lakini ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo na mimi nikajifanya najua kizuri zaidi. Asumini ya kweli haina sumu kwa paka. Unakua polepole kwa baridi hii na bado haujatoa ua hata moja. Pembezoni, penye maji ya karo, nimepanda ile tangawizi ya maua meupe kama vipepeo, Hedychium, ambayo nayo wauzaji huiita lili na ambayo haimdhuru paka. Inanukia jioni, wakati ule ule wa asumini.

Chungu cha lili nilikiondoa siku ile ya Jumatano. Vitunguu vitatu nilivitoa vizima, lakini lili huota upya hata kutoka kwenye kipande kimoja kilichobanduka, na ukikiacha udongoni kitatoa kitunguu kidogo ndani ya miezi michache. Shangazi alileta chekecheke la jikoni. Tulikaa uani tukachekecha udongo wote mara mbili, juu ya gazeti, Chausiku akiwa amefungiwa ndani. Tulipata vipande vinne, na kimoja kilikuwa kimeshatoa mzizi.